Miaka 14 gazetini, sasa naandika vitabu visivyo na jina langu

Kalamu Butu (mwenye uzi)

Wadau, juzi kwenye ule uzi wa waliopunguzwa kazi nilitaja kwamba siku hizi nawaandikia watu vitabu vya maisha yao. Tangu hapo kisanduku changu hakina nafasi. Nusu yenu mnauliza inalipa ngapi, nusu mnaniita mwongo wa kukodishwa. Nitasimulia kwa vipande, maana niko kwenye matatu ya Umoja na Jogoo Road leo haisongi.

Niliingia gazetini 2006 kama mwandishi wa mashinani, huko Mlima Kenya kwenye kahawa. Hakuna mshahara, unalipwa kwa habari iliyochapishwa. Ukiandika aya kumi na mhariri wa Nairobi akabakisha mbili, pesa yako nayo imebaki mbili. Ndipo nilipojifunza kuweka jambo lote kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu ya njaa tu. 2009 nikaletwa mjini: dawati la mahakama, halafu biashara, halafu makala za Jumamosi. Gazeti silitaji.

Corona ilipoingia 2020 matangazo yakakauka na tukaanza kuitwa mmoja mmoja. Barua ya kuachishwa ilikuwa imeandikwa vizuri sana, haina kosa hata moja la nukta. Mpaka leo nashuku iliandikwa na mmoja wetu.

Nilikaa miezi mitatu bila kazi. Kisha jirani yangu Buruburu akafiwa na mumewe, mwalimu mstaafu, akanijia: "Baba, wewe ni mtu wa magazeti, tusaidie wasifu wa marehemu." Mnajua zile karatasi za mazishi: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua, ametuacha. Nikakaa na mama yule jioni mbili, nikamuuliza vitu vidogo tu. Mzee alikuwa akinyoa ndevu saa ngapi? Alikuwa akikasirika, ananyamaza au anapiga kelele? Siku ya maziko wasifu uliposomwa, watu walicheka mara tatu na kaburi liko wazi pale mbele. Baadaye mzee mmoja mwenye fimbo akanishika bega. "Nani ameandika haya?" Nikamwambia ni mimi. "Mimi yangu nataka niyasikie nikiwa hai."

Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza.

Nashuka Donholm. Naendelea usiku.

Mwana wa Wendani

Nimeketi mbele kabisa. Ila mkuu, usijione wa kipekee. Sisi huku Kahawa Wendani tumekuwa vivuli miaka mingi, tunawaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha mpaka tasnifu. Mtu ana shahada ya uuguzi ng'ambo na mimi ndiye niliyeisomea usiku.

Dada Posta

Nasubiri hapo penye pesa.

Mpwani wa Ngara

Watu wa bara mnashangaa nini? Kwetu Mombasa mtu akitaka kumrushia hasimu wake maneno harusini alikuwa akienda kwa malenga, anamweleza kisa chake, anatungiwa shairi, linapelekwa kwa kundi la taarabu. Mwimbaji anaimba, mwenye kisa anatunzwa kwa macho, na malenga yuko nyumbani anakula mkate wa sinia. Hakuna aliyeuliza nani mwongo.

Kalamu Butu

Mpwani, umenipa mfano bora kuliko wangu wote. Huyo malenga ni mimi, ila mimi sina mkate wa sinia.

Mwana wa Wendani, hapana. Sikudharau, najua shida iliyowapeleka huko, na wengi wenu ni waandishi hodari kuliko sisi. Lakini insha ya darasani ni mtihani, na mwanafunzi anayeiwasilisha anasema "najua hili" na hajui. Mzee wangu hadai kwamba anajua kuandika. Anasema tu "haya ndiyo yaliyonipata". England ilipiga marufuku biashara hiyo yenu kwa sheria 2022, na mwisho wa mwaka huohuo ChatGPT, mashine inayoandika yenyewe, ikatoka. Nadhani la pili ndilo lililowaumiza zaidi.

Mwana wa Wendani

Hilo la pili usiligusie, nilikuwa na watoto wawili shuleni.

Kalamu Butu

Pole ndugu.

Basi kazi yenyewe iko hivi. Kuandika ni sehemu ndogo. Kubwa ni kukaa na mtu na kinasa sauti mezani, wiki baada ya wiki, mpaka achoke kujisifu. Kila mtu ana hadithi aliyokwisha kuwasimulia wageni mara mia, imelainika kama mpini wa jembe. Hiyo anakupa siku ya kwanza, na haina kitu ndani.

Alex Haley, mwanahabari wa Marekani aliyemwandikia Malcolm X, mtetezi wa watu weusi kule, kitabu cha maisha yake, alikwama hapohapo. Malcolm alimshuku kwanza. Kila walipokutana alihubiri habari za kiongozi wake na dini yake, ya kwake mwenyewe hakuna. Haley akaona kwamba mtu huyu akizungumza mkono wake unaandikaandika vijineno kwenye karatasi, akawa anamwekea leso za karatasi karibu na kikombe na kuziokota akishaondoka. Usiku mmoja, kazi imekaribia kumshinda, akamwomba amweleze habari za mama yake. Malcolm akaanza kutembea huku na huku chumbani, akaongea mpaka alfajiri. Hapo ndipo kitabu kilipoanzia. Malcolm aliuawa Februari 1965 na hakukiona kikitoka mwaka huohuo.

Mimi nina njia yangu, niliigundua kwa bahati. Wateja wangu wengi wanataka kitabu cha Kiingereza. Wanasimulia kwa Kiingereza cha mkutano: "tulikabiliana na changamoto". Namwacha. Kisha inafika siku anagusa jambo, ulimi unahama wenyewe, anaingia Kiswahili, halafu Kikuyu au Kijaluo au Kikamba. Akihama lugha naandika dakika na sekunde kwenye daftari. Kitabu kiko pale. Kikijaluo changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo humlipa kijana anitafsirie, na kijana naye amesaini karatasi ya kutotoa siri.

Dada Posta

"Kikijaluo" 😂 Mwandishi mzima.

Kalamu Butu

Kijaluo. Ndiyo maana vitabu vina wahariri, dada.

Mzee wa Ronald Ngala

Vijana, habari hii ni ya zamani hapa kwetu. Jaramogi Oginga Odinga alipotoa kitabu chake 1967, mwaka mmoja baada ya kujiuzulu umakamu wa rais, aliyemsaidia kukitengeneza alikuwa Ruth First, mwanahabari wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni London. Makaburu walikuwa wamemfungia siku 117 mwaka 1963 bila kumfikisha mahakamani. Walimuua Maputo Agosti 1982 kwa bomu lililofichwa ndani ya barua. Wangapi wanaomnukuu Jaramogi wanamjua mama huyo?

Kalamu Butu

Shikamoo mzee. Huyo ndiye mkubwa wetu sote katika kazi hii, na watu wa Nairobi tunampita kama nguzo ya stima. Alimhariri pia Govan Mbeki, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, na mkusanyiko wa kwanza wa hotuba na maandishi ya Mandela. Aliandika vya kwake pia, vizuri, kwa hiyo msiseme mtu huwa kivuli kwa kukosa lake la kusema.

Na ona mambo yanavyobadilika. Mtoto wa Jaramogi alipotoa kitabu chake 2013, jina la Sarah Elderkin, aliyekuwa mwanahabari wa jarida la Weekly Review hapa Nairobi, liliwekwa jaladani chini ya la Raila. Kwenye kazi hii kuna ngazi. Juu kabisa ni jina jaladani baada ya "pamoja na". Chini yake ni ukurasa wa shukrani, unashukuriwa katikati ya daktari wa meno na mchungaji kwa "ushauri wako", na mwenye macho anaelewa. Mwisho kuna kutokuwapo kabisa. Mimi nina vitabu saba. Shukrani mbili. Vitano sipo.

Njugu Karanga

Na Andrew Morton aliyemwandika Moi?

Kalamu Butu

Huyo ni mwandishi wa wasifu, jina lake liko wazi mbele. Lakini kisa chake cha kabla ya Moi ni kioo cha kazi yangu, kila kitu kimegeuka. 1992 alitoa kitabu kuhusu Diana, dunia ikadhani ni uchunguzi wake. Diana alipofariki 1997 ndipo aliposema: yule mama alikuwa akijirekodi majibu kisiri na kumpelekea kanda kupitia rafiki. Mwandishi alikuwa juani, msimulizi ndiye aliyejificha. Mwaka uliofuata akaja na cha Moi. Kutoka Kensington kwa Diana mpaka Kabarak kwa Moi, mtu amesafiri.

Njugu Karanga

Na yule wa mtoto wa Diana sasa?

Kalamu Butu

J. R. Moehringer. Huyo ndiye nilikuwa namsoma miezi ile mitatu ya njaa, kwa sababu njia yake ni yangu, ila yeye alipanda lifti. Mtu wa magazeti: Denver, kisha Los Angeles Times, tuzo ya Pulitzer 2000 kwa makala ya kijiji cha watu weusi kule Alabama. 2005 akatoa kitabu cha maisha yake, mtoto aliyelelewa na walevi wa baa baada ya baba kupotea. Andre Agassi, mcheza tenisi, akakisoma akamtafuta. Kitabu cha Agassi kikatoka 2009, na kinafungua kwa kukiri kwamba mchezo uliomtajirisha alikuwa anauchukia. Wachezaji wangapi wangekuambia hivyo siku ya kwanza? Agassi alitaka jina la mwandishi liwekwe jaladani, Moehringer akakataa, akasema mkunga harudi nyumbani na mtoto. Kisha akamwandikia Phil Knight, mwanzilishi wa kampuni ya viatu ya Nike, 2016. Kisha Harry, Januari 2023.

Miezi michache baadaye akaandika kwenye jarida la New Yorker jinsi alivyogombana na Harry saa nane usiku kwenye kamera. Harry alitaka kuweka jibu alilowapa wakufunzi wake wa jeshi walipomtusi mama yake kwenye zoezi la utekaji, ili watu wajue ana akili. Mwandishi akakataa: jibu lile linakufaa wewe, halikifai kisa. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu kitandani, mke wangu akauliza kuna nini. Ugomvi uleule! Mimi wangu ulikuwa na diwani mstaafu kuhusu kombe la mpira la wadi.

Dada Posta

PESA, kaka. Pesa.

Kalamu Butu

Haya. Nalipwa kwa mafungu matatu: kusaini, rasimu ya kwanza, kukabidhi. Siwezi kusema kiasi, ila kitabu kimoja chenye mteja mwema kinanizidia mshahara wa miezi minane ya gazetini. Kitabu chenye mteja mbaya kinakula mwaka wako na fungu la tatu hulioni. Wabaya zaidi ni wagombea. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 nilikuwa na wawili, kila mmoja anataka kitabu kizinduliwe kabla ya kampeni. Wote walianguka. Kitabu cha mgombea aliyeanguka kinakufa naye, hata simu inazimwa. Rasimu zote mbili ninazo, moja ina sura nzuri sana kuhusu kuchunga mbuzi.

Usisahau mteja akiwa kampuni anakata kodi ya asilimia 5 ya KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kukulipa, dai cheti chako cha makato. Na ukisikia "nitakulipa kwenye mauzo ya kitabu", chukua mkoba wako uondoke. Vitabu hivi haviuzwi. Vinagawiwa siku ya uzinduzi hotelini, katibu wa wizara anachukua nakala tano, zinakaa kwenye buti la gari.

Wakili wa Mtaani

Niongeze hapo, watu wanaumizwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kifungu cha 31: kazi ukiagizwa, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani usipoandika chochote, umeshapoteza. Kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe mtunzi, na hiyo huwezi kumhamishia mtu ukiwa hai. Lakini ukisaini kwamba utanyamaza, utaitambua mwenyewe kitandani na mkeo. Soma mkataba kabla ya chai, si baada.

Jambo jingine: mteja akimchafua mtu kitabuni na wewe umo kwenye shukrani, mwenye kuchafuliwa anaweza kukushtaki na wewe.

Kalamu Butu

Wakili asante. Ndiyo sababu ya pili ya mimi kupenda kutokuwapo.

Mtu wa Kangemi

Swali langu ni moja. Gazetini ulikuwa unahakikisha kila neno. Sasa mtu akikudanganya, unaandika?

Kalamu Butu

Nilijua litakuja. Nimelizungukazunguka siku nzima. Nitajibu kwa kisa kimoja na nimebadilisha vya kutosha asitambulike mtu.

Miaka miwili iliyopita niliitwa kwa mzee mmoja, nyumba kubwa nje kidogo ya mji, mbwa watatu, chai ya maziwa kwenye birika la fedha. Nikakaa. Kabla sijatoa kinasa sauti akafungua mtoto wa meza, akatoa kipande cha gazeti kimekunjwa, kimekuwa rangi ya chai. Habari yangu. Jina langu juu yake. Mwaka 2007, nikiwa mashinani: ushirika wa kahawa ambao mzee huyu alikuwa mwenyekiti wake, wakulima wamepeleka kahawa kiwandani msimu mzima na malipo hayajaonekana.

Kwa wasiojua: sheria ya ushirika ya 1997 iliondoa mkono wa serikali kwenye vyama hivi, ikawaachia wanachama wenyewe. Kilichofuata mlimani ni vyama kugawanyika, kamati kupigana, mikopo kuchukuliwa kwa jina la wakulima. 2004 serikali ikarudisha usimamizi kidogo, wakati huo mengi yameshaliwa. Nilikuwa nimeiona ripoti ya ukaguzi ya chama hicho. Niliisoma nimesimama nyuma ya duka la dawa za mifugo, aliyenipa alitaka airudishe kabla ya jua kuzama.

Nikamwambia mzee, pole, nafikiri umekosea mtu. Akasema, "Sijakosea. Uliniuliza vizuri siku ile. Wengine walikuja kunitukana, wewe uliuliza. Sasa kijana wangu, uniulize tena."

Mngefanyaje? Nilikuwa na karo ya muhula wa pili.

Tulienda vizuri miezi minne. Utoto wake, Hali ya Hatari ya 1952 wakati wa Mau Mau, baba yake kizuizini, kijiji kilichozungushiwa handaki na miba, yeye akiwa mvulana anayepelekwa kazi ya mtaro pamoja na mama zake. Sura zile ni bora kuliko chochote nilichowahi kuchapisha kwa jina langu. Kisha tukafika kwenye ushirika na akaanza Kiingereza. Maadui wa kisiasa, bei ya dunia, benki. Yote yana ukweli nusu. Nikaandika kama alivyosema, nikashindwa kulala, nikarudi nikamwambia sura hii siwezi. Akaniambia si yako. Na kweli si yangu. Tukabishana siku tatu, binti yake akileta chai na kutoka kimyakimya.

Siku ya tatu akanyoosha kidole mezani. "Zima hicho." Nikazima. Akanisimulia kwa Kikuyu, muda wa saa moja hivi, bila kusimama. Alipomaliza akasema niandike au nisiandike, ila yeye hatasaini kitabu chenye hayo.

Kilichochapishwa ni sentensi moja mwanzoni mwa sura inayofuata: "Miaka ya ushirika sitaisimulia hapa." Kuipata sentensi ile ilinichukua siku tatu. Alitaka uongo wa kurasa kumi na nane, nilitaka ukweli, tukaishia pale. Kuna siku naiona ndiyo kazi bora niliyofanya. Siku nyingine nalikumbuka lile duka la dawa za mifugo.

Mtu wa Kangemi

Kwa hiyo ulipojua ukweli ukiwa mwanahabari uliutangaza. Ulipoujua wote, ukaufunika.

Kalamu Butu

Sentensi yako ni nzuri kuliko yangu. Ndiyo.

Mpwani wa Ngara

Kangemi, punguza. Hata padri hasemi.

Mtu wa Kangemi

Padri halipwi mafungu matatu.

Dada Posta

Na karo ililipwa?

Kalamu Butu

Ililipwa. Mtoto wangu yuko kidato cha nne sasa, anasema anataka kusomea uanahabari. Sijamjibu bado.

Msomaji Kimya

Huwa siandiki humu, nasoma tu. Baba yangu alikuwa na mashina 280 ya kahawa. 2007 alingoja malipo mpaka akang'oa mashina akapanda nyasi za ng'ombe. Mimi nilitoka shule kidato cha pili nikaja Nairobi, soko la Gikomba, na niko hapa mpaka leo. Baba alifariki 2015. Kile kipande cha gazeti, hata yeye alikuwa nacho. Niambie tu, huo ushirika ni mlima upande gani?

Kalamu Butu

Pole sana, ndugu. Nimesaini.

Msomaji Kimya

Sitaki jina la mzee. Alipokwambia uzime, alisema pesa zilikwenda wapi?

Kalamu Butu

Nimesaini.

Msomaji Kimya

Basi sema kama kiwanda kiko karibu na mto.

Kalamu Butu

Viwanda vyote vya kahawa viko karibu na mto, ndugu yangu.